Siku Kijiji Kilipofuturu Jua Likiwa Juu

Asubuhi ile niliondoka Mtambile bila kujua ninakwenda wapi. Kazi ya kufyatua matofali ilikuwa imekwisha siku mbili nyuma, na mwenye nyumba alikuwa ameshatuambia kwa upole kwamba kile chumba tulichokuwa tukilala anakitaka kuwekea saruji. Mimi nina tabia ya kutosubiri kuambiwa mara ya pili. Nilikunja shuka, nikaitia mfukoni pamoja na suruali moja, daftari, na kanzu niliyokuwa nikiibeba miaka yote bila kuivaa. Nikatoka mpaka njia panda.

Ukishika njia ya kaskazini pale, unafika Chake Chake, na ukiendelea unafika kijijini kwetu siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Nilikuwa nimerudi Pemba mwaka wa pili huo, baada ya kuzunguka Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na vijiji vingi ambavyo majina yake nimeyasahau, na kwa miaka miwili sikuwahi kuvuka Chake kwenda mbele. Nikashika njia ya Mkoani.

Sababu nitaisema mapema, kwa sababu bila yake mengine hayataeleweka.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, lakini chuoni, kwenye Kurani, nilikuwa nasoma vizuri, na watu walikuwa wakinisifu sauti. Ramadhani moja muadhini wetu alishikwa na homa kali. Akaniita kitandani, akaivua saa yake, akanifunga mkononi. Mkanda wake ulikuwa umekatika, umeungwa kwa uzi wa nyavu.

"Leo utaadhini weye," akaniambia, kisha akageukia ukutani.

Hakuongeza neno. Jambo ambalo hakuliongeza, na ambalo alilijua yeye peke yake, ni kwamba saa ile alikuwa akiitanguliza robo saa kwa makusudi. Alikuwa mtu wa usingizi na mtu wa mazungumzo, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutochelewa msikitini.

Siku hiyo wingu lilikuwa zito kutwa. Spika wakati ule hatukuwa nayo. Nilipanda ngazi za msikiti, nikaitazama saa, nikaona wakati umeingia, nikaadhini. Sijawahi kuadhini vizuri kama siku ile. Kila mtu akatia tende mdomoni, kila nyumba ikanywa uji. Na mimi mwenyewe nikapiga mafunda matatu ya maji pale pale juu.

Sijamaliza kushuka ngazi, upepo ukalivuta lile wingu kama mtu anayefungua pazia. Jua likatokea. Lilikuwa juu ya minazi, pana, jekundu, halina haraka yoyote.

Kisha wanawake wakaanza kupiga kelele nyumba kwa nyumba, "Temeni! Temeni!" Wengine wakacheka, wengine wakalaani. Barazani pa msikiti alikuwa amekaa mzee mmoja juu ya kijamvi chake. Mzee huyu alijulikana kijiji kizima kwa jambo moja: tangu utotoni hajapotewa na siku hata moja ya Ramadhani, si kwa ugonjwa, si kwa safari. Akaitema tende kwenye kiganja, akaitazama. Machozi yakamtoka. Hakunitukana. Hakunitazama hata kunitazama. Laiti angenipiga.

Shehe alisema jioni ile ile kwamba hakuna dhambi, ni kosa tu, na kila aliyefuturu atailipa siku moja baada ya Idi. Nilipompelekea muadhini saa yake alijipiga paji la uso: "Ah! Sikukwambia!" Na mimi sikumwambia mtu. Kumsingizia mgonjwa, hata kwa jambo la kweli, niliona ni uchafu. Kesho yake watoto wakanipokea kisimani: "Adhana ya mchana! Leteni uji!" Dukani mtu mzima na ndevu zake akaniuliza kama leo chakula ni saa sita au saa saba. Siku ya tatu, alfajiri, nikaondoka. Wiki haijatimia nilikuwa Tanga.

Kwa miaka michache nikawa naswali peke yangu. Kisha hata hizo swala za peke yangu nikaziacha. Si kwamba niliacha kuamini. Nilikuwa nikipita mbele ya msikiti, nikiona viatu vimepangwa mlangoni, nikahisi kwamba vyangu nikivitia pale kila mtu atavitambua. Na tabia moja ikanibakia: kila nikisikia adhana ya magharibi, popote pale, nageuka kutazama upande wa machweo kuhakikisha. Miaka ishirini na nane sikumwamini muadhini yeyote.

Lakini udadisi nao haukuniacha. Mtu aliyetoka ndani ya nyumba huwa anataka kujua waliobaki wanafanya nini. Kwa hiyo nikawa nauliza watu, Waislamu na Wakristo, wanaoswali sana na wanaoswali kwa msimu: kinachokuweka humo ni nini? Majibu niliyaandika kwenye daftari. Nilikuwa nikitafuta kama kuna jibu ambalo lingenitosha na mimi.

Basi asubuhi ile nilitembea mpaka jua lilipoanza kuuma shingo, likanikuta gari la ng'ombe limebeba magunia ya muhogo. Mwenyewe alikuwa mtu wa rika langu, mnene, kofia imekaa nyuma ya kichwa.

"Wendapi?" akaniuliza.

"Mbele."

"Mbele kukubwa. Panda. Hata ng'ombe mwenyewe hajui endako."

Nikapanda. Baada ya kuulizana habari za mvua na bei ya muhogo nikamtolea swali langu. Akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Wataka jibu la shehe au langu?"

"Lako."

"Kuzikwa."

Nikacheka, yeye hakucheka.

"Babangu alikufa asubuhi," akasema, "adhuhuri keshakuwa ardhini. Kaburi sikuchimba. Sanda sikukata. Maji sikuteka. Mtu sikumwita. Miye nlikaa kulia tu, kazi yangu siku ile ilikuwa kulia. Watu walikuja wenyewe. Sasa niwache kwenda msikitini, halafu mwenzangu afiwe, niende kwake na uso gani?"

"Kwa hiyo ni kwa ajili ya watu. Si Mungu."

Akamgonga ng'ombe kidogo kwa fimbo, kama aliyekuwa akinigonga mimi.

"Na hao watu kawaleta nani, bwana?"

Akanishusha mahali anapokata kuingia shambani, akanipa muhogo mmoja mkubwa mbichi. Niliutafuna njia nzima.

Mkoani nilifika watu wakiingojea boti ya Unguja. Wachukuzi walikuwa wamejipanga gatini wakitaniana na kugombania mizigo ambayo bado iko baharini. Niliingia kwenye mgahawa mdogo kunywa chai, nikakaa meza moja na mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa bara, ambaye alikuwa akimsubiri mdogo wake ashuke. Msalaba mdogo ulikuwa shingoni mwake. Miaka tisa yuko Pemba, aliniambia, na Kipemba sasa anakielewa ila hakisemi, kwa sababu wanafunzi humcheka.

Nikamuuliza na yeye. Kwanza alinitania: "Kaka, unauliza kama afisa uhamiaji." Kisha akaipuliza chai yake na kufikiri.

"Kanisani kwetu hapa tuko wachache," akasema. "Wafanyakazi tu, wanakuja, wanahamishwa. Kwaya yetu ni watu kumi na mmoja. Wa sauti ya alto tulikuwa wawili. Mwenzangu kahamishiwa Unguja mwezi wa pili. Nisipokwenda Jumapili moja, wimbo unachechemea, kila mtu anasikia pale palipokuwa pangu."

"Na Mungu?"

"Namsikia humo humo kwenye alto. Nikikaa peke yangu nyumbani simsikii vizuri." Akacheka kwa haya kidogo. "Usiyaandike hayo."

Nilikuwa nimeshayaandika. Nikayasoma pamoja na ya mwenye gari la ng'ombe, nikaona kitu nilichokuwa nimekiona mara nyingi. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa na sababu mbili tu za kumtumikia Mungu, moto na pepo, na ya tatu ilikuwa bakora. Katika miaka yangu yote ya kuuliza, watu wachache sana walinitajia moto. Wananitajia mtu. Mama, jirani, mchimba kaburi, aliyekaa kushoto kwao. Na kila nikisikia hivyo nilikuwa nahuzunika, kwa sababu moto ningeweza kuuogopa hata nikiwa peke yangu. Watu ndio nilikuwa sina. Niliwakosea, nikawakimbia.

Nililipa chai nikateremka upande wanakofunga vyombo vidogo. Pale alikuwa amekaa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko yeye, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake kulikuwa na kitu kipana kama ungo, kimefungwa kwa kanga.

"Wee kaka! Wee mwenye mikono mitupu!"

"Nina mfuko, dada."

"Huo mfuko au pochi? Asalamu alaykum kwanza. Njoo unichukulie dude hili mpaka kwenye boti. Mzee wangu mguu unamsumbua, na hawa wachukuzi wakiligusa watalibonyeza tena, na fundi kanambia likibonyea mara nyingine nisirudi kwake."

Kanga ikateleza nilipoliinua. Lilikuwa pembe la spika ya msikiti. Mume wake ndiye mwangalizi wa msikiti Makoongwe, akanieleza, na pembe lilianguka kwa upepo, wiki nzima adhana haifiki upande wa pili wa kisiwa. Nikajitwika kichwani. Tulipopita gatini mchukuzi mmoja akapiga kelele, "Ee bwana, kofia hiyo umeinunua wapi? Tuadhinie basi!" Wenzake wakacheka. Ni utani wa kawaida, hakunijua. Lakini shingo yangu ilipata moto.

"Weye wendapi?" yule dada akaniuliza nilipoliweka ndani ya boti.

"Popote."

"Basi popote ndo Makoongwe. Ingia, ulishike lisigonge."

Nikaingia, pembe nikalipakata. Tulikuwa watu sita na nahodha, na mashine ilikuwa ikikohoa. Nilitoa chupa yangu ya maji nikamkaribisha yule dada. Akatikisa kichwa.

"Nimefunga. Nafunga sita."

Nikakumbuka kwamba ni Mfunguo Mosi, na watu wanafunga zile siku sita za sunna baada ya Idi. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikamwambia nina swali ambalo huwa nauliza watu, asinichukie. Kinachomuweka kwenye dini ni nini, mpaka mwezi umekwisha na bado anafunga?

"Miye?" akasema. "Miye nliwekwa na kosa la mtu."

Akajitengeneza vizuri kwenye ubao, kama mtu anayejua kwamba hadithi yake ni tamu.

"Nlikuwa mwari wa miezi mitatu. Nimeolewa huko kaskazini." Na akakitaja kijiji chetu.

Nikaitazama bahari. Pembe lilikuwa mapajani, nikalikumbatia zaidi.

"Mume wangu wa kwanza huyo, Mungu amrehemu. Mama mkwe hanipendi. Toka Rajabu hanisemezi, kwa sababu nimepika ndizi kwa mapishi ya kwetu kusini. Ndizi tu! Nkawa nalia kila siku, nasema Idi ikishapita narudi kwetu, na dini yao na swala zao wakae nazo, watu gani wanaswali safu moja na majumbani hawasemezani? Nlikuwa nishakata shauri. Sasa Ramadhani hiyo, kijana mmoja akaadhini jua bado macho."

Waliokuwemo botini wakageuka kusikiliza.

"Jua macho kabisa! Watu wote wakala. Kisha wingu likaondoka, loo, likatutazama hivi." Akatoa macho kama jua. "Watu wanatema, miye nishamaliza bakuli zima la uji, na la pili nimelishika. Sikutema, nidanganye nini? Nlikuwa na njaa."

"Astaghfirullahi," akasema nahodha huku akicheka.

"Wee endesha. Basi, baada ya Idi shehe akaweka siku moja, akasema tusilipe mmoja mmoja, tufunge wote siku hiyo hiyo na tufuturu pamoja uwanjani pa msikiti. Weye kaka umeshaona kijiji kizima kinafunga, na wote wana kosa moja? Hakuna wa kumtazama mwenziwe kwa juu. Hakuna mwema. Wote ni wala mchana. Wanawake tulikuwa upande wetu, na mama mkwe akaja kukaa karibu yangu. Akachukua tende akanitia mkononi mwangu. Akasema, 'Haya, mla mchana mwenzangu.'" Sauti yake ikapungua. "Nikacheka mpaka nikalia. Toka hapo tulisemezana mpaka alipofia mikononi mwangu. Nami kurudi kwetu sikurudi mpaka nlipofiwa na mume. Na sita zangu kila mwaka naanza na siku ile. Ndo hiyo sababu yangu. Ndogo, eh?"

Nikauliza jambo jengine, nikijaribu kuifanya sauti yangu iwe ya mtu asiyehusika.

"Hakukuwa na mtu aliyekasirika? Wazee?"

"Mkwe wangu mwanamume! Ee, huyo alilia. Mzee wa watu alikuwa hajakosa siku toka utoto wake, na alikuwa anajivunia hilo, Mungu amsamehe. Alikuwa anafuturu peke yake barazani, kwenye kijamvi chake, kama kwamba mkikaa naye mtampunguzia thawabu. Siku ile ya kulipa akakikunja kijamvi. Akaja akakaa kwenye sinia pamoja na watu, mara ya kwanza. Kisha akasema, 'Leo aadhini yule yule kijana.'"

"Yule yule?"

"Yule yule. Muadhini keshasimama Ijumaa mbele ya watu, anatetemeka kwa homa, kasema kosa si la kijana, ni la saa yangu. Basi wakatumwa watu kwao kumtafuta. Kwao wakasema kaondoka, hajarudi. Mzee akasema tungojeni kidogo, huenda yu njiani. Tukangoja! Jua limezama kweli sasa, si la uongo, tende tumezishika, mbu wanatula siye wenyewe. Watu wakaanza kunung'unika. Mwisho akaadhini yeye mwenyewe mzee, sauti kama mlango mkavu."

"Yu hai?"

"Alikufa zamani. Lakini kila Ramadhani, kabla hajatia tende mdomoni, lazima aulize, 'Nani kaadhini leo?' Watu wanacheka, na wa kwanza kucheka ni yeye."

Kwa miaka ishirini na nane nilikuwa nikimbeba mzee yule katika hali moja: amekaa barazani, tende katika kiganja, machozi. Nilikuwa nimemsimamisha pale hata kufa hafi, hata kula hali. Haikunipitikia kwamba jioni ile nayo ilikwisha, kwamba alilala, akaamka, akakunja kijamvi chake, akacheka. Wote waliendelea na maisha yao. Mimi ndiye niliyebaki juu ya ngazi.

"Saa yenyewe," nikasema, "ilikuwa na mkanda wa ngozi. Umekatika. Umeungwa kwa uzi wa nyavu."

Yule dada akanigeukia. Akanitazama kuanzia nywele mpaka ndala, akarudi tena juu.

"Weye umejuaje?"

Nikaikaza kanga kwenye pembe. Akanipiga bega kwa kiganja, pembe likalia kama sufuria.

"Ndiwe weye! Mlisha watu mchana! Ndiwe weye!"

"Kuna nini huko?" nahodha akauliza.

"Huyu bwana kaninywesha uji mchana wa Ramadhani!"

"Mumeo anajua?"

Boti nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Nilitegemea kicheko kile kitaniuma, kama cha kisimani. Hakikuniuma. Kilikuwa kama maji ya kuoga: baridi ya kwanza, kisha raha.

Alipomaliza kucheka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeulizia afya.

"Na weye uliilipa?"

"Nini?"

"Siku ile. Siye wote tuliilipa. Weye hukuwepo."

Nikakumbuka mafunda matatu ya maji juu ya ngazi. Katika miaka yote ile nilikuwa nimejilaumu kwa saumu ya kila mtu kijijini, mzee kwa mtoto, na yangu mwenyewe sikuwahi kuifikiria.

"Sijailipa," nikamwambia.

"Basi nawe! Watu wazima mnahangaika miji na miji." Akakunjua vidole vyote vya mkono mmoja, akavikunja tena, akabakisha kimoja. "Ni siku moja, kaka. Moja tu. Mengine mtapatana weye na Mola wako, hayo si yangu. Lakini hii naijua miye, maana nami nlikuwamo. Kesho nafunga. Daku nyumbani kwangu ni wali wa jana na samaki. Utakula, utanuia, utalipa. Yamekwisha."

Siku moja. Nilikuwa nimeigeuza kuwa maisha mazima, na kumbe upana wake ulikuwa kuanzia daku mpaka magharibi.

Tulifika Makoongwe maji yakiwa yamekupwa, tukateremka kwenye tope la mpaka magotini, pembe juu ya kichwa changu. Mume wake alikuwa ametungojea ufukweni ameegemea fimbo, mtu mkimya, ndevu nyeupe. Mkewe alianza kumpigia kelele kutoka mbali, hadithi nzima, kiasi kwamba mpaka tulipomfikia alikuwa ameshaisikia mara mbili, na nusu ya kisiwa pia imeisikia. Nilisubiri aseme neno. Alinisalimia kwa mikono miwili, akauliza habari za njiani, kisha akasema, "Mgeni hana pa kulala?"

"Sina, mzee."

"Kipo chumba."

Chumba kilikuwa ubavuni mwa nyumba yao, hatua thelathini kutoka msikitini. Walikuwa wakiwekea nyavu, na harufu yake ilikuwa ya nyavu. Kitanda cha kamba, mkeka mpya wa ukindu, dirisha moja la mbao. "Mlango hauna kufuli," mzee akanionesha, "unyanyue kidogo kisha usukume." Kodi nilipoiuliza alijifanya hasikii. Akaniambia tu kwamba birika la msikiti, la kutilia udhu, linahitaji mtu wa kulitekea maji asubuhi, kwa sababu mguu wake haumruhusu tena, na akauliza kama nina siku mbili tatu za kukaa. Nikamwambia ninazo. Nikaitoa kanzu mfukoni nikaitundika kwenye msumari ili mikunjo itoke.

Huko nje vijana walikuwa wamepanda juu ya paa la msikiti kulifunga pembe, wanapigiana kelele kuhusu waya. Yule dada alikuwa amekaa kizingitini kwake, kikombe cha maji upande mmoja, sahani ya tende upande wa pili. Aliponiona natoka akanisemeza kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia:

"Haya, mtaalamu! Hebu katutazamie, jua limezama au bado?"

Majirani wakacheka. Magharibi ilikuwa nyuma ya nyumba, ningezunguka ukuta hatua nne tu ningeiona. Mguu wangu ulishaanza kwenda, kwa mazoea.

Pembe likakwaruza mara moja, likakohoa, kisha sauti ya muadhini ikatoka, kubwa, safi, ikapita juu ya mapaa kwenda upande wa pili wa kisiwa. Sikuzunguka ukuta.

"Kula, dada," nikamwambia. "Keshaadhini."

Nikachukua kata, nikaenda mtungini kutia udhu.